Mifumo ya habari au IT? Nilivyochagua, na nilivyochelewa kuelewa nilichochagua

Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha sita katika shule ya kutwa mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, nikilala nyumbani Malaba, mpakani na Kenya. Mwalimu wa taaluma alitugawia fomu za PUJAB, zile za kuombea nafasi za serikali katika vyuo vikuu vya umma, akatupa siku tatu tuzirudishe. Wakati ule fomu hizo ulizijaza kabla ya mtihani. Uliandika kozi itakayokulisha maisha yako yote ilhali hata matokeo huna. Mchepuo wangu ulikuwa MEG, yaani hesabu, uchumi na jiografia, na kichwani nilikuwa na wazo moja tu: nataka kompyuta. Kufungua orodha ya kozi, nikakuta kompyuta zenyewe ni nyingi. Kulikuwa na sayansi ya kompyuta, niliyoambiwa ni ya watu wa fizikia. Kulikuwa na uhandisi wa programu. Kisha zikaja mbili zilizofuatana, teknolojia ya habari, yaani IT, na mifumo ya habari, na hapo nikakwama.

Niliuliza darasani. Mmoja akasema ni kitu kimoja chenye majina mawili. Mwingine akasema mifumo ni rahisi, IT ndiyo ngumu, na hakuweza kueleza ugumu wenyewe uko wapi. Mwalimu aliniambia nichague ile ambayo pointi zangu zitafika. Kwa utaratibu wetu wa kuingia chuo, pointi za masomo ya msingi ya kozi huzidishwa mara 3, zile za masomo yanayohusiana mara 2, na msichana huongezewa 1.5 katika vyuo vya umma. Nilipiga hesabu hizo nyuma ya daftari hadi taa ya chemli ikaanza kutoa moshi, na kozi zote mbili zikanipa karibu jibu lile lile.

Siku ya pili nilimwendea Mjomba.

Mjomba alikuwa wakala wa forodha. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya malori, chenye kompyuta mbili, printa iliyokuwa ikilia kama cherehani, na rundo la karatasi za mizigo iliyotoka Mombasa ikielekea Kampala, Juba na Kigali. Mtu ambaye hajaishi Malaba hawezi kuijua foleni ya malori ya wakati ule. Dereva alifika Jumatatu, akaoga, akafua, akala kwa mama yangu siku tatu mfululizo kwa mkopo, na bado hajavuka. Sisi watoto tuliwajua kwa majina. Kiswahili changu hiki ni chao, kwa sababu Malaba ukiongea Kiteso na mtu wa Mombasa atakuangalia tu.

Nilipomweleza Mjomba shida yangu hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta ya pili, iliyokuwa imezimika tangu juzi, akasema, "Mwanangu, unaiona hii? Fundi anatoka Tororo, anakaa nusu saa, anaondoka na hela yangu ya wiki. Soma IT. Fundi wa kompyuta halali njaa mpakani. Hiyo mifumo ya habari ni ya watu wa maktaba."

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Neno "habari" linadanganya. Hata katika Chuo Kikuu cha Makerere, shule ya ukutubi na sayansi ya habari iko ndaki moja na ile ya kompyuta, kwa hiyo mtu akisikia "habari" mawazo yanakwenda kwenye rafu za vitabu. Tena mwaka uliotangulia tulikuwa tumeona vijana wakichimba mfereji kando ya barabara kuu, wakilaza bomba la rangi. Mkongo wa baharini ulikuwa umefika Mombasa mwaka 2009, na sisi tusio na bahari intaneti yetu ilikuja kwa kupitia Kenya, ikavuka mpaka papo hapo tulipokuwa tukivuka kwenda sokoni. Nilipoona mfereji ule nilisema kazi ni hii. Nikaandika teknolojia ya habari. Nafasi ya serikali sikuipata, lakini mwaka 2011 nikaingia chuo kwa kulipiwa na mama, kozi ile ile.

Sasa niseme kwa uaminifu: niliipenda. Kuna siku ya mwaka wa kwanza ambayo sitaisahau. Mhadhiri alitupa kila mmoja kipande cha kebo, koleo na vichwa viwili vya plastiki. Unachuna ganda la nje, zinatokea nyaya nane zimesukwa mbili mbili. Unazinyoosha kwa kucha, unazipanga: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Unazikata zilingane kama kucha za bibi harusi, unazisukuma ndani hadi uone shaba imegusa mwisho, unabana. Kisha unachomeka kwenye kipimaji na taa zinawaka moja hadi nane, kwa zamu. Yangu ilifika tano ikaruka sita. Nilirudia mara nne. Ilipowaka zote nane nilijua nimepata kitu ambacho hakuna mtu anaweza kuniambia sikijui. Tukasoma kugawa anwani za mtandao, kuweka seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, kulinda mitambo, programu kidogo, hifadhidata. Kulikuwa pia na somo la uchanganuzi wa mifumo: kuchora michoro ya jinsi taarifa inavyotoka kwa mtu huyu kwenda kwa yule. Somo hilo nililikariri usiku wa kuamkia mtihani na asubuhi yake nikalisahau. Niliona ni maneno.

Msichana niliyekaa naye hosteli alisoma mifumo ya habari. Hifadhidata tulisoma pamoja, darasa moja, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tunaiangalia meza ile ile kutoka pande mbili. Mimi nilitaka kujua seva itastahimili watu wangapi. Yeye alitaka kujua kwa nini jedwali lina safu ya "jina la mume" na halina ya "jina la mke". Alikuwa na masomo ambayo mimi sikuwa nayo kabisa: uhasibu, uendeshaji wa mashirika, usimamizi wa miradi, namna ya kumhoji mtumiaji. Alipewa kazi ya kwenda sokoni kuuliza wauza nyanya wanavyoweka kumbukumbu za mikopo. Nilimwonea huruma. Nilidhani amepotea njia, anasoma biashara akidhani ni kompyuta.

Kilichonigeuza kilitokea nyumbani, si chuoni.

Mwaka 2014, nikiwa namalizia, nchi zetu zilianza kutumia himaya moja ya forodha. Zamani mzigo wa Uganda ulipita Kenya kwa dhamana, ukifika Malaba ndipo hati zinawasilishwa upya na kodi inashughulikiwa. Ndiyo maana ya foleni, na ndiyo maana ya ofisi ya Mjomba. Kwa utaratibu mpya hati inawasilishwa na kodi inalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, maofisa wa Uganda wakiwa huko huko, wakiona taarifa kwenye mfumo, na lori likifika mpakani linakaguliwa na kupita. Mamlaka zilitangaza kwamba safari ya kontena kutoka Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikichukua hata siku 18, imeshuka hadi siku 4.

Nilirudi likizo nikakuta barabara haina watu niliowajua. Mama alikuwa amepunguza sufuria. Mjomba alikaa ofisini, kompyuta zote mbili zikiwa nzima, intaneti ikiwa ya kasi kuliko wakati wowote, na hana karatasi hata moja mezani. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa pameharibika nini?"

Mimi, mtu wa IT wa mwaka wa tatu, niliangalia ruta, nikaangalia waya. Hapakuwa pameharibika kitu. Hakuna nyaya zilizobadilishwa Malaba siku ile. Kilichobadilika ni swali la nani anaandika nini, akiwa wapi, na nani anaruhusiwa kukiona. Kwa kuhamisha hatua moja ya kazi kutoka mji mmoja kwenda mwingine, foleni ya miaka mingi iliyeyuka, nchi ikapata nafuu, na Mjomba akakosa riziki. Hiyo ndiyo mifumo ya habari. Nilikuwa nimekula matunda ya mfumo mbovu utotoni mwangu wote nikidhani ni barabara.

Sisemi mabadiliko yale yalikuwa mabaya. Mwenye duka Kampala aliyekuwa akilipia kontena kukaa njiani wiki mbili ana haki ya kufurahi. Lakini kila ninaposikia mtu anaeleza mfumo mpya kwa kusema "utaokoa muda", huwa nauliza muda wa nani, na nani alikuwa akila kutokana na muda ule. Swali hilo sikufundishwa darasani. Rafiki yangu wa hosteli alifundishwa.

Baada ya kuhitimu nilihangaika kidogo. Matangazo ya kazi yalinifundisha jambo ambalo wanaochagua kozi leo wanapaswa kulijua: waajiri wengi wanaandika "shahada ya teknolojia ya habari, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari au inayofanana na hizo". Wanazitia kapu moja. Mlangoni cheti chako hakikutofautishi sana. Ukishakaa mbele ya meza ya usaili ndipo tofauti inapojitokeza, kwa sababu wanakuuliza unachoweza kufanya. Mimi waliniwekea swichi, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta, na kompyuta nne wakaniambia ziongee. Zikaongea. Mwaka 2016 nikapata kazi katika hospitali moja ya kanisa, mashariki mwa nchi.

Hospitali ilikuwa imenunua kompyuta 11 na programu ya kusajili wagonjwa kutoka kampuni ya Kampala. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha: mapokezi, vyumba vya madaktari, maabara, duka la dawa, keshia. Nilitoboa kuta, nikapitisha nyaya juu ya dari penye popo, nikaweka betri za kushikilia umeme ukikatika, kwa sababu unakatika. Nilimaliza kwa wiki tano. Nilipima kila sehemu. Mtandao ulikuwa safi, na bado najivunia kazi ile.

Miezi mitatu baadaye hakuna aliyekuwa akiutumia. Yaani waliutumia, lakini usiku. Mchana makarani waliandika kwenye rejista kubwa za karatasi kama zamani, na saa kumi na mbili jioni, wagonjwa wakiisha, walikaa wakinakili yote kwenye kompyuta hadi saa tatu, wengine wana watoto wachanga nyumbani. Kila nilipouliza niliambiwa, "Sista, mtandao unasumbua." Nikapima tena. Hausumbui. Nikabadilisha swichi iliyokuwa nzima. Nikaandika barua kuomba seva kubwa zaidi. Nilikuwa na nyundo, nikatafuta msumari kila mahali.

Msimamizi alipotaka mtu wa kusaidia, nilimpa jina la yule mwenzangu wa hosteli. Alifika Jumatatu saa moja asubuhi na daftari la kurasa 96. Hakugusa kompyuta siku mbili nzima. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, katikati ya wagonjwa, akiandika. Mimi nilikuwa napita na ngazi yangu nikijiuliza analipwa kwa kazi gani.

Siku ya tatu aliniita akanionyesha daftari. Nakumbuka ukurasa wa kwanza kabisa: mama mwenye mtoto mgongoni, na chini yake mistari minne. Jina la mtoto liliulizwa dirisha la usajili, likaulizwa na nesi wa vipimo, likaulizwa na keshia, likaulizwa maabara. Mara nne, kwa mtoto mmoja mwenye homa. Na kila mahali liliandikwa tofauti. Hapa kwetu leo jina la ukoo linatangulia, kesho linatangulia la ubatizo, na siku akiletwa na bibi anatajwa kwa la ukoo peke yake. Herufi l na r zinabadilishana kufuatana na masikio ya karani. Alifungua kompyuta mbele yangu akaonyesha mtoto yule yule ana namba tatu. Alikuwa ameshatibiwa malaria siku nne kabla, na daktari aliyemwona mara ya pili alifungua namba mpya, isiyo na historia yoyote.

Nililiangalia jambo hilo nikaona aibu, kwa sababu nyaya zilizobeba kosa lile zilikuwa zangu na zilikuwa zimelibeba vizuri sana, bila kupoteza hata herufi moja.

Kulikuwa na mengine. Ili kusajili mtu, ukurasa ulidai nafasi 23 zijazwe ndipo uhifadhi, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, ile yenye herufi na tarakimu 14. Mtoto hana kitambulisho. Bibi wa kijijini ameacha chake nyumbani. Karani akiwa na watu 60 mbele yake anafanya nini? Anaandika kwenye rejista, atajaza usiku, na kwenye nafasi ya kitambulisho atabonyeza sifuri 14. Maabara haikuweza kufungua ombi la daktari mpaka keshia aweke alama ya malipo, na keshia alikuwa mmoja, naye huenda kula. Saa saba hadi saa nane hospitali nzima ilikuwa ikisubiri sahani ya mtu mmoja.

Halafu umri. Hili ndilo lililonikaa zaidi. Kila mwezi kituo cha afya kinapaswa kujaza fomu ya wizara, HMIS 105, na kuifikisha wilayani mwanzoni mwa mwezi unaofuata ili iingizwe kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Uganda inautumia nchi nzima tangu 2012. Fomu ile inataka wagonjwa wa nje wagawanywe kwa umri, na kundi la kwanza ni la siku 0 hadi 28. Wachanga wanahesabiwa peke yao kwa sababu wanakufa kwa haraka na kwa sababu tofauti. Sasa programu yetu ilikuwa na kisanduku cha umri kinachopokea miaka tu. Mtoto wa siku tatu: 0. Mtoto wa miezi 11: 0. Kompyuta 11, seva, nyaya mita mia kadhaa juu ya popo, na hospitali haikuweza kusema ni wachanga wangapi wameugua mwezi ule. Makarani walirudi kwenye rejista na kuhesabu kwa vijiti vya kalamu, vinne na mkwaju, kama walivyofanya miaka yote.

Marekebisho yalichukua wiki sita, na mengi hayakuhitaji fundi. Nafasi za lazima zilipunguzwa zikawa sita. Tarehe ya kuzaliwa iliwekwa badala ya umri, na kwa asiyeijua, karani anaandika makadirio na mfumo unaweka alama kuwa ni makadirio. Mgonjwa alipewa kadi ngumu yenye namba, akaambiwa aje nayo. Nesi wa vipimo alifundishwa kupokea malipo saa ya chakula. Kampuni ya Kampala ilibishana kuhusu kisanduku cha umri hadi mwenzangu alipowapelekea nakala ya fomu ya wizara na kuwauliza kundi la kwanza walijaze wao. Polepole rejista kubwa ikaanza kubaki safi mchana. Karani mmoja alinishika mkono akasema sasa anafika nyumbani mtoto akiwa bado macho.

Naogopa nikiishia hapo nitaonekana nasema IT si kitu. Usiku mmoja wa Jumapili, radi ilipiga, diski ya seva ikafa. Kila tulichosajili tangu mwanzo kilikuwa humo. Mwenzangu alikuja akasimama mlangoni, mikono imeshika kichwa, hajui aanzie wapi. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeweka nakala kila usiku kwenye mashine ya pili, chumba kingine, na kila Ijumaa nilikuwa najaribu kuirudisha ili nijue inarudi, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Saa kumi alfajiri mfumo ulikuwa juu. Saa moja wagonjwa walipopanga foleni hakuna aliyejua kilichotokea, na kazi yetu ikienda vizuri haionekani hata kidogo.

Baadaye nilisoma mwongozo wa mwaka 2005 wa ACM, AIS na IEEE Computer Society, vyama vya wanataaluma wa kompyuta, ambao uligawa elimu hii matawi matano. Ulinipa maneno ya kueleza niliyoyaona. Mifumo ya habari ni tawi la zamani, lililokulia karibu na shule za biashara, na swali lake ni taarifa gani shirika linahitaji na kazi ipangwe vipi ili ipatikane. Teknolojia ya habari ilijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1990, mashirika yalipojikuta yana kompyuta kila meza na hayana mtu aliyefundwa kuzichagua, kuziunganisha, kuzilinda na kuzihudumia. Zote mbili zina hifadhidata, zote zina programu kidogo, ndiyo maana zinafanana kwenye karatasi. Makerere yenyewe, iliyokuwa ikizitoa kila moja kivyake, sasa inatoa shahada moja inayobeba majina yote mawili. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Vyuo vingine vinaita IT kozi ambayo nusu yake ni biashara, na vingine vinaita mifumo kozi iliyojaa mitandao.

Mwaka jana binti wa dada yangu alimaliza kidato cha sita, akanipigia simu. "Mama mdogo, nijaze ipi?" Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka mingi na nilikuwa na jibu: mifumo. Nilitaka asianzie nilipoanzia mimi. Lakini nikakumbuka Mjomba na kidole chake kwenye kompyuta iliyokufa. Yeye pia alinichagulia kutokana na jeraha lake mwenyewe.

Nikamwambia aje. Kwanza tulitafuta kama kozi anazozitaka zimo kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu na kama ithibati yake haijaisha, maana kozi ikikwisha muda wa ithibati cheti chako kinaweza kukuletea maneno. Kisha tukachapisha orodha ya masomo ya kila kozi, muhula kwa muhula, tukazilaza sakafuni. Nilimpa kalamu mbili za rangi, azungushie nyekundu somo linalomfanya atake kujua zaidi, na buluu lile analoliona mzigo. Nilikuwa nachungulia. "Uendeshaji wa mashirika" buluu. "Uhasibu" buluu, tena duara mbili. "Usalama wa mitandao" nyekundu. Nikajiambia bado ni mtoto, hajui.

Siku iliyofuata nilimpeleka kliniki ndogo ya rafiki yangu, nikamkalisha kwenye benchi la mapokezi na daftari la kurasa 96, kuanzia asubuhi. Nilitaka aone. Saa sita nilipomfuata benchi lilikuwa tupu. Nilimkuta chumba cha nyuma, amepiga magoti chini ya meza na fundi wa kliniki, koleo mkononi. Daftari lilikuwa na nusu ukurasa tu, umeandikwa vizuri, na mwisho wake: "Intaneti ya mapokezi inakatika kila printa ikiwashwa. Kwa nini?"

Walikuwa wamepata jibu. Kebo ilikuwa imepitishwa pamoja na waya wa umeme, imebanwa na mguu wa kabati hadi ganda likachanika. Alikuwa anatengeneza nyingine. Fundi alimtajia rangi, naye alizirudia kwa sauti, nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, bila kuniona nimesimama. Akabana, akachomeka kwenye kipimaji. Taa zilifika tano, zikaruka sita. Hakusema kitu. Alikata kichwa cha plastiki, akachuna ganda upya, akaanza tena kunyoosha nyaya kwa kucha.

Nilitoka nje nikampigia dada yangu simu, nikamwambia mtoto anajaza IT.